Kupima ulaji wa umeme wa nyumba kwa programu kabla ya kujenga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaojenga au kukarabati nyumba za kuishi, wengi wao wa pwani: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar. Wachache wanajenga kwenye baridi, na wao wana sehemu yao huku chini. Programu ninayoizungumzia zaidi ni EDGE, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kupatikana na ina takwimu za hali ya hewa za miji yetu. Jibu likishatolewa mahali pamoja sitalirudia, nitakuelekeza.

## Mambo ya mwanzo

Kupima ufanisi wa nishati wa nyumba ni kufanya nini hasa?

Ni kukadiria, kwa hesabu, nyumba itakula uniti ngapi za umeme kwa mwaka (uniti moja ni kilowati-saa moja) ili watu wakae humo bila kuteseka kwa joto au baridi, wapate mwanga na maji ya moto. Unaiambia programu nyumba iko mji gani, ina ukubwa gani, kuta zimejengwa kwa nini, paa ni la nini na la rangi gani, madirisha ni makubwa kiasi gani na yanatazama wapi. Yenyewe inachukua jua, joto na unyevunyevu wa mji huo na kupiga hesabu ya joto linaloingia na linalotoka.

EDGE inailinganisha nyumba yako na nyumba ya kawaida ya mji huohuo, yaani ile ambayo mafundi wangeijenga pasipo mtu kufikiria nishati. Ikikwambia umeokoa asilimia 27, maana yake nyumba yako itakula asilimia 27 pungufu ya hiyo ya kawaida.

Nifanye lini? Ramani ikiwa tayari, au nyumba ikiisha?

Ramani ikiwa bado karatasi. Hili ningependa kila anayejenga alisikie kabla hajamwaga msingi. Kuigeuza nyumba ili ubavu wake mrefu utazame kaskazini na kusini, badala ya mashariki na magharibi, hakugharimu kitu ukiwa na penseli mkononi. Jamvi likishamwagwa, huna la kugeuza. Kuongeza uvungu wa paa, yaani sehemu inayotokeza nje ya ukuta, kutoka sentimita 40 hadi 90 ni mbao na bati kidogo kenchi zikiwa hazijapanda. Baada ya hapo ni kubomoa.

Nimewahi kuletewa nyumba nzuri ya vyumba vinne, imeshapigwa plasta, sebule ina ukuta mzima wa kioo unaotazama magharibi. Mwenye nyumba alitaka kujua anunue kiyoyozi cha ukubwa gani. Nilimjibu, lakini swali lenyewe lilikuwa limechelewa miezi minane.

Programu inalipiwa? Lazima niwe mhandisi?

EDGE ni ya IFC (Shirika la Fedha la Kimataifa), taasisi iliyo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, na kuitumia ni bure. Inafunguka kwenye intaneti. Unajiandikisha kwa barua pepe na kuanza. Kinacholipiwa ni cheti (tazama sehemu ya matokeo).

Uhandisi hauhitajiki kwa nyumba ya kawaida. Unahitaji kujua kusoma ramani, kupiga eneo la ukuta na la dirisha, na kuwa mkweli kwa unachokijaza. Mtu mwenye ramani iliyokamilika anaweza kumaliza jaribio la kwanza kwa siku moja.

Kuna programu nyingine?

Zipo. Wajerumani wa Passivhaus Institut, Darmstadt, wana PHPP, ambayo ni kitabu cha hesabu cha Excel kilichoanza kutolewa mwaka 1998. Ni makini mno, lakini imekulia kwenye nchi za baridi: kipimo chake maarufu ni kwamba nyumba isihitaji zaidi ya kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka kwa ajili ya kupasha joto. Inaweza kupiga hesabu za joto na unyevu pia, ila utaizoea kwa jasho.

EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani nayo ni bure. Inaiga nyumba saa kwa saa, mwaka mzima. Ndiyo ninayoiamini kwa nyumba zisizo za kawaida, kama zile za mwisho wa ukurasa huu. Peke yake haina sura ya kumvutia mgeni; wengi huiendesha kupitia DesignBuilder, ambayo inalipiwa.

## Kujaza taarifa

Niwe na nini mkononi kabla ya kuanza?

Ramani yenye vipimo, pande nne za dunia zikiwa zimeonyeshwa sawasawa. Msiamini mshale wa kaskazini uliochorwa kwenye ramani. Mara nyingi umenakiliwa tu kutoka ramani nyingine. Simama kwenye kiwanja na dira ya simu, au uangalie jua linachomoza wapi. Kisha uwe na unene wa kuta, aina ya bati na rangi yake, ukubwa wa kila dirisha na upande linaotazama, urefu wa dari, idadi ya wakazi, na orodha ya vyombo vikubwa: kiyoyozi, hita ya maji, friji.

Eneo la nyumba nalihesabuje? Baraza limo?

Pima ndani, kuta kwa kuta. Baraza na sehemu ya wazi ya kuegesha gari si chumba, zisiingie kwenye eneo la ndani. Ila usizisahau: baraza pana la upande wa magharibi ni kivuli, na kivuli kina mahali pake pa kujazwa.

Uwiano wa madirisha na kuta ni nini, na mbona programu inaung'ang'ania?

Ni eneo la madirisha yote ukiligawa kwa eneo lote la kuta za nje, madirisha yakiwamo. Nyumba yenye mzunguko wa mita 44 na kuta za mita 3 ina mita za mraba 132 za ukuta. Ukiwa na madirisha manane ya mita 1.8 kwa 1.5, hayo ni mita za mraba 21.6, yaani asilimia 16.

Inaung'ang'ania kwa sababu kioo cheupe cha kawaida hupitisha karibu asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Chukua dirisha moja kati ya hayo manane, la mita za mraba 2.7, likitazama magharibi saa kumi jioni, jua likipiga kwa wati 600 hivi kwa mita ya mraba. Kinachoingia chumbani ni kama wati 1,300. Ni sawa na kuacha pasi imewashwa katikati ya chumba, halafu ukaja kulala humo saa tatu usiku ukashangaa mbona hakulaliki.

Lihamishe dirisha hilo kaskazini au kusini, au lifunike kwa uvungu mpana na miti, uone namba inavyoshuka.

Hiyo "thamani ya U" ni mnyama gani?

Ni wati ngapi za joto zinapita kwenye mita moja ya mraba ya ukuta au paa, pande zake mbili zikitofautiana kwa nyuzi moja. Ikiwa ndogo, joto linapita kwa shida, na hiyo ndiyo hali tunayoitaka.

Tufanye paa, kwa sababu pwani ndilo linalotuua. Bati lenyewe halizuii chochote. Chini yake kuna uwazi wa kenchi, kisha dari ya jipsamu ya milimita 12. Kila tabaka lina ukinzani wake, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite: hewa ya chini ya dari 0.17, jipsamu 0.05, uwazi wa kenchi 0.16, hewa ya juu ya bati 0.04. Jumla ni 0.42. Gawa 1 kwa 0.42, unapata U ya 2.4 hivi.

Sasa tandaza pamba ya kioo ya milimita 100 juu ya dari. Ukinzani wake ni unene kwa mita ukigawanywa kwa 0.04 (kiwango cha pamba hiyo kupitisha joto), yaani 2.5. Jumla mpya ni 2.92, na U inashuka hadi 0.34. Mara saba.

Bati jeusi au la kahawia iliyokolea linaweza kufika nyuzi 65 saa saba mchana. Chumbani kukiwa na nyuzi 28, tofauti ni nyuzi 37. Paa la mita za mraba 100 lisilo na pamba linamimina ndani kama wati 8,800, yaani zile pasi zetu karibu saba. Likiwa na pamba, ni wati 1,260: pasi moja tu. Nimeshaifanya hesabu hii mbele ya mwenye nyumba na fundi wake kwa kalamu na kipande cha boksi la marumaru, na fundi ndiye aliyesema wakanunue pamba.

Rangi ya bati ina uzito kiasi hicho?

Ina uzito, na ndiyo hatua ya bei ndogo kuliko zote, maana bati jeupe na bati jekundu kwa kawaida hazipishani sana bei. Bati jeupe jipya hurudisha sehemu kubwa ya jua angani. La rangi iliyokolea hulinywa. Mchana wa jua kali yanaweza kuachana kwa nyuzi 20 na zaidi. Programu ina sehemu ya kujaza kiwango cha kuakisi. Jaza cha bati unalonunua kweli, ukikumbuka kwamba jeupe hupoteza weupe kwa vumbi na ukungu, basi usijaze namba ya siku ya kwanza.

Wengi huniambia jeupe halipendezi. Sawa, kuna kijivu cha mawingu na rangi ya maziwa, ziko katikati.

Kuta za bloku za inchi 6 zinatosha?

Kwa pwani, zikiwa kwenye kivuli, zinatosha. U yake ni kama 3, si ya kujivunia, lakini ukuta wa kaskazini au kusini ulio chini ya uvungu mpana haupigwi sana na jua. Ukuta wa magharibi ulio uchi ni habari nyingine. Kabla hujafikiria ukuta mnene, fikiria mti, kibanda cha mimea itambaayo, au kuweka stoo, bafu na ngazi upande huo ili ndizo zipokee kichapo.

## Hewa, feni na kiyoyozi

Programu inajua upepo wa kusi na kaskazi?

EDGE haifuatilii upepo chumba kwa chumba. Inatazama mambo mawili: kina cha chumba ukilinganisha na urefu wa dari, na eneo linalofunguka la madirisha ukilinganisha na sakafu. Chumba kikikidhi, inakihesabu kuwa kinapitisha hewa.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu. Ukijaza mita za mraba 2.7 wakati linalofunguka ni 1.35, umejidanganya mwenyewe. Na wavu wa mbu unapunguza tena. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Kwa vyumba vya kulala ningependa hilo.

Kuhusu pepo zenyewe, wazee wetu walikuwa hawana programu na walijua. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, Aprili hadi Oktoba hivi. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali. Kila chumba cha kulala kikiwa na tundu la kuingilia hewa upande mmoja na la kutokea upande mwingine, hata kama ni kwa juu ya mlango, umeshinda nusu ya vita.

Feni na kiyoyozi vinaachana kiasi gani?

Feni ya dari ya wati 70 ikizunguka saa 8 inakula uniti 0.56. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu yake ya kupooza) kinachovuta kilowati 1.1, kompresa ikifanya kazi asilimia 60 ya muda, kinakula uniti 5.3 kwa usiku uleule. Kwa mwezi ni uniti 17 dhidi ya karibu 160. Kwa walio Tanzania, daraja la D1 la TANESCO, la watumiaji wadogo wa nyumbani, lina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, basi kiyoyozi kimoja tu cha usiku kinakuvusha mpaka huo hata kabla friji halijahesabiwa.

Sisemi usinunue. Kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna Februari ya Dar. Ila nunua cha inveta, kinachopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, kwa chumba ambacho paa lake umeshalishughulikia, na utakuta BTU 9,000 inatosha pale ulipoambiwa uweke 18,000.

Sina kiyoyozi kabisa. Mbona programu inaonyesha nishati ya kupoozea?

Hili huulizwa na kila mtu, na wengine hudhani wamekosea kujaza. Hujakosea. EDGE ikiona nyumba itakuwa na joto lisilovumilika, inaweka nishati ya kubuni: umeme ambao ungehitajika kuwapoza watu. Hoja yake ni kwamba joto likizidi, leo au baada ya miaka mitano mtu atanunua kiyoyozi, na hapo ulaji utakuwa wa kweli.

Nakubaliana nayo. Nyumba ambayo haitumii umeme kwa sababu watu wanalala nje kwenye mkeka haijawa na ufanisi wowote. Itazame namba hiyo kama kipimo cha mateso, na uishushe kwa paa, kivuli na hewa.

## Maji ya moto, jua na vinginevyo

Hita ya maji ina mchango gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni uniti 3.3. Shawa ya umeme ya kilowati 4.5 kwa dakika kumi ni uniti 0.75 kwa mtu mmoja. Familia ya watu sita, jipigie. Hita ya jua juu ya paa inafuta sehemu kubwa ya hiyo, na programu ina mahali pa kuijaza.

Nikiweka sola tu juu ya paa, si nimemaliza?

EDGE inazihesabu paneli kama sehemu ya kuokoa, kwa hiyo asilimia yako itapanda. Lakini chumba chenye moto kitabaki na moto, na utahitaji paneli na betri nyingi zaidi kukipoza usiku, wakati jua halipo. Shughulikia paa kwanza (jibu la thamani ya U), ndipo upime sola ya ukubwa gani.

Balbu na vyombo?

LED kila mahali. Friji angalia lebo ya nishati. Hapa hapana mjadala.

## Kusoma matokeo

Asilimia ngapi ni nzuri?

Kwa cheti cha EDGE unatakiwa uokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji, na asilimia 20 kwenye vifaa vya ujenzi, yaani nishati au hewa ukaa iliyotumika kuvitengeneza. Kuna ngazi ya juu yake, inayotaka asilimia 40 kwenye nishati. Kwa nyumba ya pwani, bati jeupe, pamba ya kioo, kivuli, feni na LED mara nyingi hukuvusha 20 ya nishati. Kinachowakwamisha wengi ni vifaa, kwa sababu saruji na nondo ni nzito kwenye hesabu hiyo.

Nahitaji cheti?

Kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, mara nyingi hapana. Tumia programu, chukua mafunzo, jenga. Cheti kina maana kwa anayejenga nyumba nyingi za kuuza au kupangisha, au anayetafuta fedha. Mfano ni Kenya mwaka 2019, kampuni ya Acorn ilipotoa hatifungani ya kijani (mkopo wa kugharamia miradi inayojali mazingira) ya kwanza nchini humo, ya shilingi bilioni 4.3, kwa ajili ya mabweni ya wanafunzi Nairobi; kiwango kilichotumika ni EDGE. Ukiamua kukitafuta, kuna cheti cha awali kwa ramani, na cha mwisho baada ya mkaguzi kufika kuona kilichojengwa.

Programu ilisema uniti 180 kwa mwezi, mita ya LUKU inaniambia 290. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Programu huchukua familia ya wastani na mwaka wa wastani. Kwanza angalia kile ambacho hukukijaza: pampu ya kisima, pasi ya nguo za shule, jiko la umeme, friji la kugandisha la biashara ya barafu na juisi. Nyumba moja tuliyoitafuta kwa wiki mbili ilikuwa na mafriji mawili ya barafu kwenye stoo. Mama mwenye nyumba hakuyataja kwa sababu kwake yale ni duka, hayamo kwenye nyumba.

Kisha angalia watu. Ulijaza wanne, lakini wajomba wamehamia kwa ajili ya chuo na mnafika tisa. Rudi ubadilishe idadi. Mwisho, kagua kilichojengwa: pamba ilitandazwa kweli hadi pembeni, au fundi aliishia katikati?

## Hali zisizo za kawaida

Najenga Njombe (au Arusha, au Limuru). Haya yote ya joto yananihusu?

Nusu yake. Huko adui ni usiku wa Juni na Julai. Pamba ya kioo juu ya dari bado ndiyo hatua ya kwanza, safari hii kuzuia joto lisitoke. Bati jeupe halina haja. Madirisha yatazame kaskazini, maana miezi hiyo jua liko kaskazini yetu na litakuingilia kwa ukarimu. Ziba mianya ya chini ya milango na pale ukuta unapokutana na kenchi. Ila anayewasha jiko la mkaa ndani ili kupata joto asizibe na kulala humo. Moshi wake usioonekana unaua. Programu haitakuonya juu ya hilo.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe. EDGE inaiweza?

Kwa shida. Kuta za nusu mita na zaidi hunywa joto mchana mzima na kulitoa polepole usiku, na ua wa katikati huvuta hewa kwa namna ambayo hesabu rahisi haiioni. Hapa tumia EnergyPlus, saa kwa saa. Na kabla hujagusa paa wala dirisha, pata kibali cha mamlaka ya hifadhi: Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na wa Lamu tangu 2001. Ukibadilisha madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha hewa kwa ya alumini utaharibu urithi na kuongeza joto kwa mpigo mmoja.

Paa letu ni la makuti. Nijaze nini?

EDGE inakuruhusu kuweka thamani yako ya U badala ya kuchagua kwenye orodha. Pima unene halisi wa makuti yaliyoshonwa, kisha upige hesabu kama tulivyopiga ya pamba, ukitumia 0.07 badala ya 0.04, namba ambayo hutumika kwa mapaa ya nyasi. Makuti ya sentimita 10 yanakupa ukinzani wa 1.4, na ukiongeza hewa ya ndani na ya nje U inakuwa kama 0.6. Ni bora mara nne kuliko bati na jipsamu bila pamba. Kumbuka tu kwamba makuti huchakaa na kuwa membamba. Yakianza kupitisha nukta za mwanga, namba hiyo haipo tena, na hesabu irudiwe kwa unene uliobaki.